Habari za Kamba Nne na Vipande Ambavyo Havikutolewa

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi mlioanika nguo na mlioacha sufuria jikoni bila mwangalizi! Zimeni redio, tulizeni watoto, na yule mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nitawasimulia habari za mtu aliyetoka nyumbani akiwa na nusu ya nywele zake, akapaa angani ndani ya sanduku la chuma, akakabiliana na shemeji yake mahali pasipo na njia ya kukimbilia, na jua lilipotua akarudi kwa mkewe akiwa mshindi. Wapo watakaosema jambo lenyewe lilikuwa dogo. Hao nawaomba wakae nyuma, wasituharibie.

Shujaa wetu alikuwa fundi wa lifti. Jina alilopewa na wazazi walilijua mkewe na mhasibu wa kampuni tu, wengine wote walimwita Kamba Nne, kwa sababu kila abiria aliyemuuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Fundi, hiki kitu hakiwezi kukatika?" alimjibu, "Zipo kamba nne, na moja peke yake inatosha." Naam, huyo ndiye Kamba Nne, mpandishaji wa wakubwa na wadogo, bwana wa mashimo marefu, mpakaji grisi asiyechoka, ambaye mbele ya mlango wake uliokwama wakurugenzi wenye tai za hariri walijifunza kusema "tafadhali." Katika kila lifti aliyoitunza alibandika tangazo aliloliandika kwa mkono wake: LIFTI IKISIMAMA, TULIA. USILAZIMISHE MLANGO. BONYEZA KENGELE, SUBIRI FUNDI. Tangazo hilo mlishike, tutalihitaji mbele.

Sasa mtu huyo alikuwa na hazina, wala hakuifukia popote. Binti yake alipozaliwa, yeye na mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, walikubaliana kuweka fedha kila mwezi katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi huchanga, mfuko hununua hisa, na kila mchangaji hupewa vipande kwa kadiri ya mchango wake. Mfuko waliouchagua haukuwa na wajuzi wa kubashiri kampuni ipi itang'ara na ipi itazimika. Ulifuata faharisi ya soko, yaani ulinunua kidogo cha kila kampuni kubwa iliyokuwa sokoni, ukakaa nazo kwa raha na kwa shida. Soko likipanda, mfuko unapanda nalo. Likishuka, unashuka nalo. Fedha ya ugonjwa na ya dharura waliiweka benki. Hii ya mfuko ilikuwa ya masomo ya juu ya binti, ambaye wakati wa habari hizi alikuwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Wakaapa kutoigusa mpaka mtoto akue, nao walikuwa wakweli katika kiapo chao.

Lakini kula kiapo soko likiwa linapanda ni rahisi, kila mtu anaweza.

Ikawa asubuhi moja Kamba Nne ameketi katika kiti cha kinyozi wa mtaani kwao, shuka shingoni, macho yamefumbwa kwa starehe. Hakuwa kazini, ila simu ya dharura ya kampuni ilikuwa mfukoni mwake, maana wiki hiyo zamu ya kuipokea ilikuwa yake. Kinyozi naye alikuwa na vipande katika mfuko uleule, kwa kuwa Kamba Nne ndiye aliyemvuta kwa maneno matamu. Mashine ilikuwa imekwisha kuufyeka upande wote wa kulia wa kichwa, inajiandaa kuvuka mpaka kuingia kushoto, ndipo simu ya kinyozi ilipoita. Kinyozi akasoma ujumbe. Akausoma tena. Akazima mashine.

"Kaka," akasema, "soko limeanguka."

"Limeanguka kiasi gani?"

"Limeanguka, kaka! Miezi mitatu sasa linashuka tu, na leo ndiyo limeporomoka kabisa. Watu wanatoa hela zao. Mimi siwezi kukaa hapa kunyoa watu huku nanyolewa!"

Na kabla shujaa hajafungua mdomo, kinyozi alikuwa amekwisha toka mbio na aproni yake kiunoni, kibanda wazi, mteja kitini. Kamba Nne akajitazama katika kioo. Kulia palikuwa jangwa, kushoto msitu mnene, na katikati uso wa mtu mwenye hofu. Tusimfichie aibu yake. Akafungua simu yake, akaziona tarakimu za mfuko zimekonda, akaifunga, akaifungua tena kama kwamba zingenenepa wakati amefumba macho. Kisha akavaa kofia ya kazi, akaivuta mpaka masikioni, akarudi nyumbani.

Huko akakuta baraza limekwisha kaa. Mkewe alikuwa mezani akipanga michoro ya wanafunzi wake, na mbele ya sahani iliyojaa aliketi kaka wa mkewe, shujaa wa upande wa pili, mtu aliyejulikana mji mzima kwa jina la Fursa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo lililotokea duniani asilolisifu kwa maneno, "Hii ni fursa." Alipofuga samaki wa mapambo ilikuwa fursa, mpaka paka wa jirani naye akaiona. Aliponunua mashine ya barafu ilikuwa fursa, mpaka ikaja bili ya umeme. Siku hiyo alikuwa na fursa mpya, mahema na viti vya kukodisha, na aliisikia habari ya soko kabla hata ya kinyozi.

Fursa akaweka kijiko chini, akasimama, akanyoosha mkono.

"Shemeji yangu, mwamba wangu, nguzo ya dada yangu!" akanena. "Nilikuonya, hukunisikia. Umempa nani fedha zako? Watu usiowajua, wanunue kampuni usizozijua, kwenye soko usilowahi kulikanyaga! Mwenzio akikaa kwenye kiti cha plastiki, kiti unakiona. Akipata kivuli chini ya hema, hema unalishika kwa mkono. Toa hela hiyo leo, shemeji, kabla haijaisha kuyeyuka. Nipe mimi, na mwaka hautaisha binti yako hajasomeshwa kwa viti!"

Kamba Nne akamgeukia mkewe. "Unasemaje, mke wangu?"

"Kuhusu nini?"

"Nitoe au niache? Nikiacha ikashuka zaidi, je? Nikitoa ikapanda kesho, je? Na nikiacha, niendelee kuchangia kila mwezi au nisimame kwanza?"

Mwalimu hakusimama wala hakunyoosha mkono. "Jana usiku uliniuliza hivyo hivyo," akasema. "Na juzi. Mimi nilishaamua siku ile tulipoanza, na sababu zangu hazijabadilika, mtoto mwenyewe huyo hapo viatu vinamshinda. Lakini hela ni yetu wote, na siwezi kukushikia moyo wako. Nenda kaamue. Ukitoa, toa. Ukiacha, acha. Ila usiniamshe tena. Na hiyo kofia mbona ndani ya nyumba?"

"Baridi," akasema shujaa, jasho likimtiririka.

Hapo Kamba Nne akaamua kwenda kutoa vipande vyote. Aliona uchungu kuamua hivyo, lakini hofu ikishakaa kifuani hupanga kila kitu kwa matakwa yake. Fursa akanawa mikono haraka, akasema atamsindikiza, asije akabadili mawazo njiani.

Ofisi za mfuko zilikuwa ghorofa ya sita ya jengo refu ambalo lifti yake, enyi wasikilizaji, ilitunzwa na Kamba Nne mwenyewe. Mlinzi wa mlangoni alimpigia saluti. Wakaingia wawili hao, mlango ukafungwa, namba sita ikawaka, na sanduku likaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza wakaipita kwa amani. Ya pili na ya tatu wakazipita Fursa akihesabu viti kwa vidole. Walipoiacha ya nne, kabla ya kuifikia ya tano, lifti ikatikisika mara moja, ikasimama. Kimya kikaingia, pamoja na harufu ya grisi.

"Shemeji," akasema Fursa, "mbona imesimama?"

"Imesimama tu."

"Tunaanguka!"

"Tungekuwa tunaanguka usingepata nafasi ya kuuliza."

Lakini Fursa hakuwa mtu wa kungojea mantiki. Akaurukia mlango kwa kucha kumi, akaweka goti, akaweka bega, akauvuta huku na huku akimtaja mama yake aliyemzaa. Mlango haukumjali. Akarudi nyuma apate kuurukia upya, na jicho lake likaona kitufe cha kengele. Akakigandamiza kwa kiganja kizima. Kengele hiyo, kama ilivyo desturi ya majengo ya kisasa, hupiga simu moja kwa moja kwa fundi wa zamu. Simu ikaanza kuita, kwa mlio mkali na wa heshima, ndani ya mfuko wa suruali ya Kamba Nne.

Basi mazoea yana nguvu kuliko akili. Mkono wa shujaa ukatoa simu, mdomo wake ukasema, "Halo, dharura ya lifti, nikusaidie," na papo hapo kutoka katika kispika cha ukutani, juu ya vitufe, sauti ikajibu, "Halo, dharura ya lifti, nikusaidie."

"Tumekwama!" Fursa akapiga kelele kwenye ukuta. "Fundi, tuokoe!"

"Mko wangapi ndani?" akauliza Kamba Nne, na ukuta ukauliza vilevile.

"Wawili! Mimi na shemeji yangu! Njoo upesi, sijui uko wapi, njoo!"

"Kuna mgonjwa, mzee au mjamzito?"

"Shemeji," akasema Fursa, akageuka polepole, "huyo fundi ni wewe?"

Lakini Kamba Nne alikuwa amekwisha kuanza, na akianza haachi katikati. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wengi kiasi kwamba yalimtoka yenyewe. "Nisikilize vizuri. Lifti iliyosimama haijaanguka. Umeshikiliwa, hata kama huoni kilichokushika. Wanaoumia kwenye lifti si wale wanaokaa, ni wale wanaolazimisha mlango wakaruka katikati ya ghorofa. Kwa hiyo tulia. Toa mikono mlangoni. Kaa humo humo."

Na ukuta ukamrudishia neno kwa neno. Kaa humo humo.

Kamba Nne akaishusha simu. Macho yake yakaupanda ukuta mpaka kwenye tangazo lenye herufi kubwa, mwandiko wake mwenyewe, na mbele ya tangazo hilo akasimama yeye aliyeliandika, akiwa safarini kwenda kulazimisha mlango. Aibu ikampanda shingoni. Nyuma ya aibu, polepole, kikaja kicheko, naye akacheka mpaka akaegemea pembeni.

"Unacheka nini? Tunakufa!"

"Shemeji, nina vipande vingapi kwenye ule mfuko?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ni vilevile vya mwezi uliopita. Hakuna aliyenichukulia hata kimoja. Bei ndiyo iliyoshuka, vipande vipo. Ila nikivitoa leo, hapo sasa nitakuwa nimeruka katikati ya ghorofa, na hasara itakuwa yangu kweli." Akavua kofia kwa joto la maneno, na Fursa akarudi hatua kwa yale aliyoyaona kichwani. "Sikuapii kwamba bei itapanda kesho. Inaweza kushuka zaidi, na hakuna aliyeniahidi siku ya kupanda. Lakini mtoto haendi chuo kesho. Bado anavaa viatu mguu usio wake! Na hela ya dharura iko benki. Mimi ninakimbilia wapi?"

"Unakimbilia kwenye mahema," Fursa akamkumbusha kwa sauti ndogo.

"Shemeji yangu, nakupenda. Umekula kwangu na utakula tena. Lakini kule nimeshikwa na kampuni za soko zima. Moja ikikatika, nyingine zipo. Nikikupa wewe, nitakuwa nimening'inia kwa kamba moja, na kamba yenyewe ni wewe."

Fursa akavikunja vidole alivyohesabia viti. Huenda aliwakumbuka samaki.

Simu ikaita tena. Alikuwa mlinzi wa chini. "Fundi, lifti imekwama huku! Kuna watu ndani, mmoja anapiga kelele sana."

"Najua. Ni shemeji."

"Utafika lini?"

"Nimeshafika. Niko ndani naye. Sasa fanya hivi: panda ngazi, angalia mlango wa lifti wa kila ghorofa. Mmoja ukifunguliwa hata kidogo, lifti yote inasimama. Nafikiri kuna mtu anavuta mahali."

Mlinzi akapanda. Ghorofa ya kwanza hapakuwa na mtu. Ghorofa ya pili akamkuta mtu mwenye aproni ya kinyozi, mguu mmoja ukutani, mikono miwili kwenye ufa wa mlango, anauvuta kwa nguvu zote akitaka lifti imfikie mapema. Alikuwa amesafiri mji mzima kwa haraka ya kutoa vipande vyake. Lifti ilikuwa imemwacha chini, ngazi zikamchosha ghorofa ya pili, na subira ikamwishia hapo hapo. Mlinzi akamwondoa kwa upole wa watu wenye misuli, mlango ukajifunga sawasawa, na huko juu lifti ikashusha pumzi, ikaendelea kupanda kana kwamba haikuwa na ugomvi na mtu.

Mlango ukafunguka ghorofa ya sita. Ukumbi ulijaa watu waliosimama kwa foleni, nyuso zimekunjamana, kila mmoja na fomu ya kutoa. Kamba Nne, nusu kipara, nusu msitu, kofia mkononi, akaingia kwa mwendo wa mtu aliyerudi kutoka mbali. Foleni ikampisha, ama kwa heshima, ama kwa kichwa kile. Akafika dirishani kwa karani.

"Karibu, kaka. Unatoa vyote au nusu?"

"Dada, sitoi."

"Umekuja kununua?"

"Nilikuja kutoa. Sasa nimekuja kutokutoa."

Karani akatazama droo zake, akatazama tena. "Kaka, hiyo haina fomu."

"Haina fomu kabisa?"

"Watu hawaji mpaka hapa kwa hilo. Lakini ngoja." Akabonyeza mashine yake. "Mchango wako wa mwezi huu haujaingia. Unaendelea nao, au tuusimamishe?"

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo vilipokuwa vita vyenyewe. Kukaa bila kutoa ni jambo rahisi. Hata gogo hukaa. Lakini kuchangia tena, soko likiwa chini na ukumbi mzima ukikimbilia mlangoni, hilo lilitaka moyo. Kamba Nne akatoa simu yake. Akaona tarakimu zilizokonda, hakuzikwepa. Akaandika kiasi kilekile cha kila mwezi, hakuongeza kwa tamaa wala hakupunguza kwa woga. Akainua dole gumba lake la kuume, dole lenye kovu la kamba na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, akalishusha juu ya kitufe. Simu ikatoa mlio mdogo. Karani akasema, "Imeingia." Kisha shujaa akaufuta kwenye simu mlango ule mdogo, yaani programu aliyokuwa akichungulizia bei asubuhi, mchana na usiku, akaapa kwamba ataukagua mfuko mara moja kwa mwaka, siku ileile anapokagua kamba za lifti ya jengo lile.

Kinyozi akatokea mlango wa ngazi, anahema. Alipokiona kichwa cha mteja wake, akajifunika uso kwa aproni. "Kaka, nisamehe. Nilikuacha katikati."

"Hela yako ni ya nini?" Kamba Nne akamuuliza.

"Kodi ya kibanda. Mwezi ujao."

"Basi wewe toa, ndugu yangu, na kosa ni langu mimi niliyekuvuta bila kukuuliza. Hela ya mwezi ujao haikutakiwa kupanda huku juu." Na kinyozi akatoa ya kodi, akaenda moja kwa moja kwa mwenye kibanda, nywele za watu zikasubiri. Fursa naye, aliyedhaniwa amepotea, akakutwa dirisha la pembeni akimnong'oneza karani mwingine: je, mtu akitaka kuanza na kidogo sana inawezekana? Akajibiwa inawezekana. "Hii," akasema, "ni fursa."

Jioni shujaa akaingia nyumbani, kofia masikioni tena. Mwalimu akainua macho kutoka kwenye michoro.

"Haya, umefanya nini?"

"Sikufanya kitu," akasema Kamba Nne kwa sauti ya ushindi. "Na mchango wa mwezi nimeuweka."

"Siku nzima kwa hilo?"

"Siku nzima."

Mkewe akamtazama, na tabasamu likaanza kumponyoka. Aliona fahari, na hakuificha. "Basi leo tutalala," akasema. "Vua kofia."

Akavua. Mwalimu akacheka mpaka michoro ikaanguka sakafuni, na binti akaja mbio kutazama kilichotokea, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia.

"Baba, nywele za upande huu ziko wapi?"

"Zimeshuka."

"Zitarudi?"

"Zitarudi."

"Lini?"

Kamba Nne akapiga magoti sakafuni, akavivua vile viatu, akaviweka kila kimoja mbele ya mguu wake. "Siku yenyewe siijui," akasema. "Tutangoja. Leta mguu."

Basi wachongao mawe na wachonge, na wenye ngoma na wazikaze kamba: siku hiyo mtu mmoja alibaki mahali alipokuwa. Dunia haikutikisika, soko halikumtambua, na hata karani alisahau kumpa risiti. Lakini mimi nimewaambia, nanyi mmesikia, na asiyeamini aende akatazame lile tangazo ndani ya lifti. Chini ya SUBIRI FUNDI pameongezwa mstari kwa mwandiko uleule: HATA FUNDI ANASUBIRI.